Mafuta ya nguruwe yaliyonuka: kosa halikuwa jikoni peke yake

Swali: Mwanangu, naandika kutoka Njombe. Krismasi jirani alichinja nguruwe, akanipa ndoo ya mafuta. Nikayayeyusha nyumbani ili nipunguze kununua mafuta ya dukani. Yakatoka ya kahawia, hayakuganda sawasawa, na kila nikiyabandika jikoni nyumba nzima inanuka mkojo. Cha ajabu, mume wangu anasema hasikii harufu yoyote. Kijana wangu anayesoma Dodoma ananiambia niyamwage, eti mafuta ya mnyama yanaua moyo. Nataka kujua nilikosea wapi, niyatunzeje bila friji, na kama yanafaa kwa chapati. Pia nauza maandazi asubuhi. Naweza kuyakaangia hayo?

Jibu: Shikamoo mama. Kwa maelezo yako sufuria ilikuwa na matatizo matatu, na ni moja tu lililotokana na mikono yako. Rangi ya kahawia imeletwa na moto. Harufu imetoka kwa mnyama mwenyewe. Kutoganda, kwa sehemu kubwa, ni chakula alicholishwa. Nianze na harufu, maana ndiyo iliyokukatisha tamaa, na ndiyo isiyo na dawa ukishafika nayo jikoni.

Dume la nguruwe lisilohasiwa likishabalehe, korodani zake hutoa kemikali iitwayo androstenoni. Kwenye utumbo wake mpana hutengenezwa nyingine iitwayo skatoli. Zote mbili hupenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo hujikusanya kwenye shahamu ya mnyama na kukaa humo. Nyama ikiwa mbichi na baridi unaweza usinuse kitu. Mafuta yakipata moto ndipo zinaporuka: androstenoni inanuka mkojo na jasho, skatoli inanuka zizi. Na mzee hakudanganyi. Wapo watu wengi tu ambao pua zao kwa maumbile hazinusi androstenoni hata kidogo, wakati aliyekaa nao meza moja anaziba pua. Ndiyo maana wewe ulikuwa unafungua madirisha na yeye anashangaa unafungulia nini.

Limau, tangawizi, vitunguu, majani ya mchaichai, vyote watu wamejaribu. Havisaidii, kwa sababu kitu kinachonuka kimeyeyuka ndani ya mafuta yenyewe, hakijashikana nayo kwa juu. Kinga ni kuuliza kabla ya kupokea. Jike ambaye hajawa na mimba, au dume lililohasiwa likiwa dogo, hao mafuta yao hayana shida. Ukiwa na mashaka, kata kipande kidogo kama ncha ya kidole, kiweke kwenye kikaango cha moto na unuse, wewe siyo mzee. Mwenye bucha atakucheka siku ya kwanza. Kama ana akili, siku ya pili atakuwa anakupimia mwenyewe, maana nyama ya dume hilo nayo itarudishwa na wateja wake.

Kuhusu kutoganda: mafuta ya nguruwe hufuata anachokula. Ng'ombe na kondoo tumbo lao hubadilisha mafuta ya kwenye chakula kabla hayajafika mwilini, lakini nguruwe huyaweka karibu yalivyo. Aliyelishwa zaidi viazi atakupa mafuta meupe, magumu. Aliyelishwa sana mashudu ya alizeti, au maparachichi yaliyoanguka (na huko kwenu siku hizi maparachichi hayakosekani), mafuta yake yatakuwa laini, yanatiririka hata kukiwa na baridi. Hayo hayajaharibika. Yatumie kwa kukaangia na kuungia, ila yatachacha mapema kuliko yale magumu, basi uyamalize kwanza. Kuna sababu nyingine ya kutoganda, nayo ni maji yaliyobaki ndani. Hiyo nitaifikia.

Kabla ya moto kuna jambo moja zaidi: sehemu ya mnyama. Watu wakipewa ndoo ya mafuta humwaga yote kwenye sufuria moja, na hapo ndipo mafuta mazuri hupotelea kwenye mabaya. Yapo mafuta yanayofunika figo, yako kwa ndani ubavuni, ni makavu na yanavunjikavunjika ukiyabana. Hayo ndiyo bora. Hayana ladha ya nyama, huganda meupe kabisa, na ndiyo ya kutengenezea chapati, mikate na keki. Yapo ya mgongoni, chini ya ngozi, mengi na mazuri, yenye ladha kidogo. Hayo ni ya kukaangia na kuungia. Halafu yapo yaliyoshikana na utumbo. Haya huwa na harufu ya tumbo hata nguruwe akiwa jike safi, na mimi singeyachanganya na mengine. Yayeyushe peke yake kwa ajili ya sabuni, au yaache buchani.

Ukaguzi usiuruke. Nguruwe wa kuchinjwa nyumbani bila afisa mifugo kumwona anaweza kuwa na malengelenge ya tegu kwenye nyama, vipunje vyeupe vinavyofanana na punje za mchele. Moto wa kuyeyushia mafuta unawaua, lakini kisu na ubao uliokatia nyama mbichi haviingii kwenye moto huo. Mwite afisa mifugo, na osha vyombo kwa maji ya moto na sabuni.

Sasa kuyeyusha.

Toa vipande vyote vya nyama na damu vilivyoshikana na mafuta. Hivyo ndivyo vinavyoungua na kutia rangi. Ondoa na ngozi. Kata mafuta vipande vidogo, ukubwa wa harage au chini ya hapo. Kama una mashine ya kusagia nyama, saga. Mafuta yakiwa ya baridi hukatika vizuri, na kwa Njombe ya Juni au Julai ukiyaacha nje usiku mmoja kwenye chombo kilichofunikwa vizuri, paka na panya wasiyafikie, asubuhi yanakatika bila kuteleza. Kipande kikubwa kina ubaya huu: nje kinaungua wakati katikati bado kuna mafuta ambayo hayajatoka. Unapata mafuta machache na ya kahawia, vyote kwa pamoja.

Tumia sufuria nzito. Mimina maji kidogo, robo kikombe hivi kwa kilo moja, kisha weka mafuta na ubandike kwenye moto mdogo sana. Kwenye jiko la mkaa, punguza makaa na ufukie mengine kwa majivu. Maji yale ya mwanzo yanazuia vipande vya chini visiungue kabla mafuta hayajaanza kutoka. Usifunike, kwa sababu unataka mvuke uondoke. Geuza kwa mwiko kila baada ya dakika chache, ukikwangua chini.

Ukikaa karibu na sufuria, itakwambia yenyewe ilipofika. Mwanzoni mafuta yatakuwa na ukungu, meupemeupe, na mapovu makubwa yanayopasuka kwa kelele. Hayo ni maji yanatoka. Maji yakiwa bado yamo, joto la sufuria haliwezi kupanda sana. Kwa mwinuko wa Njombe, karibu mita 2,000, maji huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi, basi mafuta nayo hukaa karibu na hapo. Huko hakuna kinachoungua. Baada ya saa moja au mbili kelele inapungua, mapovu yanakuwa madogo, mafuta yanakuwa angavu mpaka unaona chini ya sufuria, na vipande vinaanza kugeuka rangi ya dhahabu na kuzama. Hapo maji yamekwisha, na ndipo hatari inaanza, kwa sababu sasa hakuna kitu cha kuzuia joto lisipande. Ukiwa na kipimajoto, usivuke nyuzi 120. Usipokuwa nacho, epua mara tu kelele inapokaribia kunyamaza. Nadhani wewe mama uliendelea kuyaacha ili vipande vikauke kabisa, upate kila tone, na dakika hizo kumi au kumi na tano za mwisho ndizo zilizokupa rangi ya kahawia.

Kama unataka na vile vipande vikauke viwe vya kutafuna, fanya mara mbili. Chuja mafuta meupe kwanza, weka pembeni. Kisha rudisha vipande jikoni, vikaange mpaka vikauke, na mafuta yatakayotoka safari hii ya pili, ya kahawia na yenye ladha ya nyama, yaweke chupa yake. Hayo ni matamu kwenye maharage. Vipande vyenyewe nyunyizia chumvi vingali vya moto. Kwenye nyumba yenye watoto havifiki jioni.

Chuja kwa chujio, kisha rudia kwa kitambaa cha pamba kilichochemshwa na kukaushwa. Kipande cha kanga ya zamani kinafanya kazi hiyo vizuri. Usikamue kitambaa, acha yadondoke yenyewe. Ukikamua unapitisha vumbi la nyama, na vumbi hilo ndilo litakaloozesha chupa nzima. Kilo moja ya mafuta ya mgongoni itakupa gramu 700 hadi 800. Ukipata chini sana ya hapo, vipande vilikuwa vikubwa au ngozi ilikuwa nyingi.

Kutunza bila friji kunawezekana, hasa huko kwenye baridi, lakini ni kwa masharti. Mafuta yana maadui wanne: maji, hewa, mwanga na joto. Chupa au kopo liwe kavu kabisa, lililokaushwa juani au karibu na jiko, siyo lililofutwa kwa kitambaa. Mimina mafuta yakiwa bado ya uvuguvugu, jaza mpaka karibu na mdomo ili hewa isibaki, funika yakishapoa. Tumia vyombo vidogo vingi badala ya kopo moja kubwa unalolifungua kila siku. Weka mahali penye giza, mbali na jiko. Kijiko kinachoingia kiwe kikavu kila mara. Kijiko chenye maji ya mchuzi kimeharibu mafuta mengi kuliko jua. Yakishaganda, angalia chini ya chupa. Ukiona tabaka la maji au kitu cha kahawia kinachotikisika, hukuyakausha ya kutosha. Yayeyushe tena taratibu mpaka kelele iishe, uyachuje upya. Yakitengenezwa hivi hukaa wiki kadhaa kabatini kwenye baridi ya Njombe. Dar es Salaam au Tanga nisingeyaacha nje zaidi ya siku chache. Ukipata friji ya jirani, miezi sita haina tabu, na kwenye friza hata mwaka.

Sasa mapishi, na hapa niseme wazi kwamba mafuta ya nguruwe hayafai kila kitu. Chapati yanafaa sana. Mafuta magumu ya nguruwe ukiyapaka kwenye chapati iliyosukumwa, ukaikunja na kuiviringisha, hukaa katikati ya tabaka bila kunyonywa haraka na unga, kwa hiyo ukiipika tabaka zinaachana. Kwa unga wa kilo moja, vijiko vikubwa vitatu au vinne kwa jumla vinatosha, pamoja na vya kupakia. Juu ya chuma paka kidogo tu. Viazi mviringo vya huko kwenu vilivyochemshwa nusu, vikakatwa na kukaangwa kwenye mafuta haya, hutoka vikavu nje na laini ndani kuliko kwenye mafuta ya dukani. Mafuta safi ya nguruwe huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 190, na kukaanga kwa kawaida kunahitaji 170 hadi 180, kwa hiyo nafasi ipo lakini siyo kubwa. Ukiona moshi, moto umezidi.

Mboga za majani zinazoliwa zikiwa zimepoa, kachumbari, au chakula cha kubeba shambani, hapana. Mafuta yatagandia kwenye midomo. Mafuta ya ng'ombe na kondoo ndiyo mabaya zaidi kwa hilo, kwa sababu huyeyuka kwenye joto la juu kuliko la mwili wetu. Supu ya kondoo uliyoiacha ikapoa unaijua. Ndiyo maana nyama ya namna hiyo huliwa ingali ya moto, watu wamezunguka sinia, hakuna kusubiri.

Kwa wasiokula nguruwe njia ni ileile. Mafuta ya figo ya ng'ombe huyeyushwa hivyohivyo, kwa muda mrefu kidogo, na ni hodari kwa kukaangia. McDonald's huko Marekani walikuwa wakikaangia chipsi kwa mchanganyiko uliojaa mafuta ya ng'ombe mpaka mwaka 1990 walipobadilisha, na wazee wa kule bado wanalalamika kuhusu ladha. Mafuta ya mkia wa kondoo yana harufu yake, ukiipenda umeipenda. Kuku wa kienyeji aliyenona ana mafuta ya njano tumboni ambayo watu hutupa pamoja na matumbo, na ni dhambi: kijiko kimoja kwenye wali kinatosha. Lakini kwa chakula cha heshima, pilau au halua ya Zanzibar, hakuna kinachoshindana na samli, na mimi sioni haja ya kujaribu.

Nije kwa kijana wako wa Dodoma. Ana hoja, ila ameivuta mpaka mwisho wa kamba. Mafuta yaliyoshiba, yale ambayo kwa kawaida hufanya mafuta yagande, hupandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Hilo halina ubishi wa maana. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 22 hivi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya nguruwe kina gramu 13 za mafuta, na zilizoshiba ni kama 5. Kijiko hichohicho cha samli kina karibu 8. Mafuta ya nazi, ambayo hakuna anayeyaogopa, yana 11 au zaidi. Mawese yanakaribia 7. Alizeti ni gramu moja na nusu tu. Kwa hiyo nguruwe si mbaya kuliko wenzake wanaoganda. Sehemu kubwa zaidi ya mafuta yake, karibu asilimia 45, ni ya aina ileile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni. Lakini alizeti bado inamshinda kwa moyo, na kijana akikwambia hivyo msikilize.

Kilichowatia watu wasiwasi upande wa pili ni zile mafuta za kopo zilizotokana na mimea. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ilileta sokoni Crisco, mafuta ya mbegu za pamba yaliyogandishwa kwa gesi ya haidrojeni ili yachukue nafasi ya mafuta ya nguruwe. Miongo mingi baadaye ikaonekana kwamba ugandishaji wa namna hiyo usipokamilika huzaa mafuta ya transi, ambayo kwa moyo ni mabaya kuliko hayo ya nguruwe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi ziyaondoe kabisa kwenye chakula. Kwa hiyo ukinunua kopo la mafuta ya mgando dukani, soma maandishi. Kuandikwa kwamba yametokana na mimea peke yake hakutoshi.

Ushauri wangu kwa nyumba yako ni alizeti kwa mboga na mchuzi wa kila siku, na mafuta ya nguruwe kwa chapati za Jumapili, viazi na maharage, yakichukua nafasi ya mafuta mengine badala ya kuongezwa juu yake. Kama mzee au wewe mwenyewe mna presha, kisukari, au mliwahi kuambiwa kolesteroli iko juu, ongeeni na daktari kwanza.

Maandazi ya kuuza: hapana. Yanakaangika vizuri, hata ningesema yanapendeza, lakini wanaokuja kununua asubuhi wamo Waislamu, wamo Wasabato, na hakuna anayeuliza andazi limekaangwa na nini. Anaamini tu. Ukitaka kuyauza, andika kibao kinachosomeka na utenge karai, chujio na mwiko wa kazi hiyo peke yake, visirudi tena kwenye mafuta mengine. Hata hivyo kwa biashara ndogo ya mtaani nadhani utapoteza wateja wengi kuliko gharama ya mafuta utakayookoa. Hata nyumbani, mgeni asiyekula nguruwe akija, mwambie kabla hajaweka tonge mdomoni, na sufuria utakayompikia isiwe ile.

Imebaki ndoo yako ya Desemba. Kula hutaweza kwa harufu ile, na sidhani kama mzee anapaswa kuimaliza peke yake. Mtafute mama wa hapo mtaani anayetengeneza sabuni za vipande, mafuta ya nguruwe hutoa sabuni nyeupe, ngumu, yenye povu laini. Usitengeneze mwenyewe kama hujafundishwa, kostiki soda inayotumika inaunguza ngozi na macho. Na usiyarudishe kwenye pumba za nguruwe wa jirani kwa kuona yatapotea bure. Mabaki ya nguruwe kulishwa nguruwe ni njia mojawapo ambayo homa ya nguruwe ya Afrika huingilia bandani, na hiyo haina tiba wala chanjo ya kutegemea. Inaweza kufyeka banda zima, na Krismasi ijayo jirani akakosa cha kuchinja.